Kalibu Kwanza, Printa Baadaye

Mtu mwenye mazoea ya kupita mbele ya vibanda vya mafundi wa vyombo vya umeme, awe katika vichochoro vya Kariakoo au Mwembe Tayari, Darajani au Gikomba, aghalabu huona jambo moja lisilobadilika mwaka hata mwaka: rafu zimejaa blenda, feni na pasi ambazo mota zao zingali hai na nyaya zao zingali salama, lakini zimelazwa hapo kwa majuma na miezi, zikikusanya vumbi, kwa sababu ya kipande kimoja cha mpira au plastiki kilichokatika meno. Mwenye blenda alikuja, akaambiwa mota haina kasoro, ila kile kipande chenye meno kinachokaa chini ya jagi kimelika, na spea yake haiuzwi peke yake. Akaguna, akasema atarudi, asirudi. Alinunua blenda nyingine nzima, na ile ya kwanza ikawa mali ya fundi, naye fundi akaigeuza ghala ya skrubu na waya.

Siku hizi hadithi hii isimuliwapo mbele ya vijana waliosoma, jawabu huwa moja: tuchape. Wamekusudia printa ya pande tatu, ile mashine ambayo hulishwa uzi wa plastiki, ikauyeyusha na kuutandaza tabaka juu ya tabaka, mpaka umbo lililokuwa katika kompyuta likawa kitu cha kushikwa mkononi. Sina ugomvi na mashine hiyo, wala siidharau hikima yake. Lakini tumeifanya pambo la sherehe: mkubwa hukata utepe, kijana akachapa kinyago kidogo cha tembo mbele ya wageni, picha zikapigwa, na blenda za Kariakoo zikabaki palepale rafuni. Maoni yangu nayaweka wazi mapema, ili asiyekubaliana nami ajue mahali pa kunikabili: mchoro wa kompyuta utazifaa nyumba zetu siku utakapogeuzwa kuwa kalibu, na fedha tunazozitia katika printa zingetuzalia mengi zaidi lau sehemu yake kubwa ingetumika kufundisha watu kutengeneza kalibu.

Pindua ndoo uitazame

Msomaji asiyekuwa fundi asiogope, kwani mwalimu wa kwanza wa elimu hii yumo bafuni mwake. Achukue ndoo ya plastiki aipindue. Katikati ya kitako ataona nukta yenye kovu, nayo ndiyo mahali ambapo plastiki iliyoyeyuka iliingizwa kwa nguvu. Autazame mdomo wa ndoo ulivyo mpana kuliko kitako: wengi hudhani umbo hilo lilichaguliwa ili ndoo zipate kupangwa moja ndani ya nyingine, na faida hiyo ipo kweli, lakini ndoo yenye kuta zilizosimama wima kabisa ingeung'ang'ania moyo wa chuma ulio ndani ya kalibu, na kuitoa pasipo kuichubua kungekuwa muhali. Kisha akishike kikombe cha plastiki na kukipapasa ubavuni. Mara nyingi atakuta mstari mwembamba ulioshuka toka mdomoni hadi chini, ambao ndio mpaka wa nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kitana, sahani ya mtoto, kifuniko cha chupa, kiti cha uani, swichi ya taa: takriban kila kimoja kina alama zake, na msomaji akizizoea hatavitazama tena vyombo vyake kama alivyovitazama jana.

Sasa na tujiulize, kalibu ya ndoo ile iko wapi, na ni nani aliyeichonga? Viwanda vya ndoo tunavyo, na mashine za kusindilia plastiki tunazo, lakini kalibu zenyewe, zile pande za chuma kigumu zilizochongwa kwa usahihi wa sehemu ndogo za milimita, aghalabu hununuliwa ng'ambo kwa maelfu ya dola, na zinapoumia husafirishwa ng'ambo kutibiwa. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na katika biashara ya plastiki kisu ni kalibu. Kampuni ya LEGO ya Denmark, ambayo tofali lake la kuchezea la umbo tulijualo lilisajiliwa hataza mwaka 1958, hujivunia kwamba tofali la wakati ule hushikana na tofali lililotoka kiwandani mwaka huu. Plastiki ya namna ile kila mtu aweza kuinunua, lakini kalibu za kukubaliana vile kwa zaidi ya miaka sitini si kila mtu awezaye kuzichonga.

Mchoro una ujinga wake

Hapa ndipo penye utamu wa maneno, na naomba stahamala ya msomaji nikae kidogo, maana wanaosema tuchape hupita mahali hapa mbio.

Umbo lililo katika kompyuta, tukilihifadhi katika namna ya faili iitwayo STL, ambayo ilianza kutumika mwaka 1987 pamoja na mashine za mwanzo za kazi hii, ni ngozi tupu iliyoshonwa kwa pembetatu nyingi ndogo ndogo. Ngozi hiyo ikiwa na tundu hata moja, programu haijui ndani ni wapi na nje ni wapi. Fauka ya hayo, faili hiyo haibebi kipimo: husema 40, isiseme 40 za nini, hata mchoro wa milimita ukifunguliwa kwa inchi hutoka mkubwa mara 25.4, na fundi asiye na hadhari hugundua hayo baada ya kumaliza uzi. Hizo ni taksiri ndogo, na kijana mwenye kalipa mkononi, akikipima kile kipande kilicholika cha blenda na kuyarudisha kwa hesabu meno yaliyokwisha, huzivuka kwa siku chache za mazoezi. Programu za kuchorea kama FreeCAD na Blender hutolewa bure; hapo hakuna kisingizio.

Kazi huanza pale ambapo mchoro hauna la kusema. Mchoro haujui kwamba kila kinachomiminwa kikiwa moto hunywea kikipoa: alumini kwa takriban asilimia 1.3, na polipropilini, ile plastiki ya vifuniko na mabakuli, kwa kiasi cha asilimia 1 hadi 2.5 kwa kadiri ya unene na upoaji wake. Basi fundi anayetaka kipande cha alumini cha milimita 100 kamili hana budi kuchora cha milimita 101.3, akitengeneza kwa makusudi kitu kisicho sahihi ili kitakachozaliwa humo kiwe sahihi. Mchoro haujui kwamba ukuta wima hautoki kalibuni, hivyo fundi huulaza kwa digrii 1 au 2. Haujui kwamba sehemu iliyojipinda kwa ndani itanasa, wala haujui pa kukatiwa ili kalibu igawanyike nusu mbili. Mtu ndiye anayeukata, na akiukata vibaya mstari wa maungano utapita juu ya meno ya gia na kuyaharibu. Yeye ndiye anayeweka vifundo na vishimo vya kuzikutanisha nusu hizo zisipishane, mlizamu wa kumiminia, na vitundu vya kutolea hewa mahali pa juu kabisa, kwani hewa iliyozuiliwa humo haitoki kwa maombi.

Kisha ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuichapa nakala ya kitu chenyewe na kuifunika kwa mpira wa silikoni mpaka ugande. Ya pili ni kuamuru kompyuta ilitoe umbo katika bonge, ukabaki uwazi, nawe ukachapa au kuchonga kalibu yenyewe. Njia ya kwanza ni sahali kwa anayeanza, lakini ina mitego ambayo hakuna mchoro unaoionya. Mistari ya tabaka za printa, hata ikiwa ya sehemu mbili za kumi za milimita, silikoni huinakili yote kwa uaminifu wa kuchukiza, hivyo nakala haina budi kusuguliwa msasa, kupakwa rangi ya kuzibia na kusuguliwa tena. Silikoni nazo zina tabia zake: igandishwayo kwa madini ya bati ni mvumilivu lakini hunywea na kuchakaa upesi, na igandishwayo kwa platini hudumu na kushika kipimo lakini huchukia salfa, hata ikigusana na udongo wa kufinyangia wenye salfa, au na nakala ya resini ambayo haijakauka barabara, hubaki uji wa kunata milele. Mtu aliyemimina kilo nzima ya silikoni ya bei kali na kukuta uji asubuhi hahitaji kuelezwa maana ya mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Lakini anayeinama hupata. Kalibu moja ya silikoni iliyotunzwa hutoa makumi ya vipande vya mpira wa poliyurethani, mpira mgumu wa kustahimili msuguano, ambao ndio unaofaa kwa meno ya blenda. Kipande hichohicho kikichapwa kwa uzi wa PLA, ambao ndio unaopatikana kwa urahisi, huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na udhaifu wake hukaa hasa mahali tabaka zinapoungana. Mota ikikaza, hukatika palepale. Kukichapa huchukua muda mrefu kila mara, cha kwanza sawa na cha hamsini. Kalibu humsumbua fundi mara moja.

Hayakuanza leo

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya watu wa mbali. Hao nawapeleka Lamu. Katika makumbusho ya mji ule ipo siwa ya shaba, baragumu kubwa la enzi iliyopulizwa katika sherehe za watawala na waungwana, nayo ilisubiwa kwa njia ya nta: fundi alifinyanga umbo kwa nta, akalifunika kwa udongo, akauchoma udongo mpaka nta ikayeyuka na kutoka, na mahali pa nta akamimina shaba. Leo wako mafundi wanaochapa umbo kwa PLA, wakalizika katika plasta, wakalichoma likatoweka, na kumimina alumini mahali pake. Nta imebadilika, hikima ni ileile. Nawapeleka pia Katanga, ambako waliotangulia walisubu shaba katika misalaba iliyotumika kuwa fedha, na misalaba hiyo imefukuliwa katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba. Na kama safari hizo ni ndefu, basi watembelee viunga vya miji yetu, ambako alumini chakavu huyeyushwa kwa nyuzi 660 na kumiminwa katika mchanga uliopigiwa chapa ya sufuria kuukuu. Watu hawa wanayajua mambo ya mlizamu, hewa na kunywea kwa mikono yao. Wanachokosa ni kielelezo kizuri. Mpe mmoja wao kielelezo kilichochapwa kwa kipimo sahihi, kikiwa na mwinamo wake na nyongeza yake ya kunywea, naye ataweza kusubu puli, mguu wa cherehani, au kishikio cha jiko kwa namna asiyoiweza akitumia sufuria kuukuu. Ndoa hiyo ya mchoro na mchanga haihitaji kiwanda.

Mfano unaonigusa kuliko yote, hata hivyo, uko Moshi. Katika hospitali ya KCMC kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981. Kwa desturi ya kazi ile, fundi hukizungushia kigutu cha mguu bendeji ya plasta, ikigandamana hupata kalibu. Humo humimina plasta nyingine akapata nakala ya kigutu. Na nakala hiyo haiachi ilivyo. Huikwangua mahali ambapo nyama inaweza kubeba uzito, akaiongeza mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi, ili soketi isimuumize mwenye mguu. Ndipo hulaza juu yake bamba la polipropilini lililolainishwa tanurini, likavutwa kwa pampu ya hewa mpaka likalishika umbo. Siku hizi inawezekana kukipiga kigutu picha kwa skana, kurekebisha umbo katika kompyuta na kuchonga au kuchapa nakala kwa mashine, na wagonjwa wa mbali wangefaidika sana. Lakini nani atakayeiambia kompyuta mahali pa kukwangua na mahali pa kuongeza? Yule yule aliyekwisha kukwangua plasta kwa mikono yake. Skana ingemletea fundi mchoro wa kigutu. Isingemletea maumivu ya mwenye kigutu. Nakiri kwamba hapa printa ina haki kamili, kwa kuwa hakuna vigutu viwili vinavyofanana na kitu cha pekee hakina haja ya kalibu ya kudumu. Lakini hata hapa elimu iliyotangulia ni ya kalibu.

Mfuko wa nyumba

Na turudi kwenye blenda, kwa sababu makala za ufundi husahau upesi nani anayelipa. Mama anayeuza juisi ya parachichi na embe kandokando ya kituo cha basi hana blenda ya anasa. Ile ndiyo shamba lake. Meno yakilika asubuhi ya Jumatatu, atakopa kununua nyingine, na faida ya siku nyingi imekwenda katika chombo ambacho tisa ya sehemu zake kumi alikuwa nazo tayari. Kadhalika mshonaji ambaye gia ya plastiki ya cherehani yake imepasuka siku chache kabla ya Idi, na kadhalika baba ambaye feni ya chumba cha mtoto imekatika kishikilio cha shingo katikati ya joto la Februari. Kila mmoja hununua upya kwa sababu ya gramu chache za plastiki, na plastiki nyingine yote hutupwa mtaroni, kisha tunashangaa mvua za masika zikituletea maji sebuleni.

Nitaulizwa, kwa nini tusiagize vipande hivyo Uchina, ambako vimo tele? Tuagize, iwapo vinapatikana. Lakini chombo kilichotoka madukani miaka mitano iliyopita spea yake huwa imekwisha kuadimika, na nguo ya kuazima haisitiri matako. Nitaulizwa tena, je, vijana hawajaletewa mashine za kuyeyusha chupa na vifuniko? Wameletewa, na ni jambo jema. Mholanzi Dave Hakkens alitoa bure tangu mwaka 2013 michoro ya mashine ndogo za kusaga na kusindilia plastiki, chini ya mradi uitwao Precious Plastic, na yeyote mwenye mashine ya kuchomelea anaweza kuiunda ile ya kusindilia kwa mtaimbo. Mashine hiyo, ikikosa kalibu ya alumini mbele yake, hutema uji wa plastiki sakafuni.

Sikusudii kwamba kila kitu kisubiwe uani. Vali ya sufuria ya mvuke, regileta ya gesi na sehemu za breki ziachwe kwa wenye maabara ya kuzipima, maana kosa lake ni jeneza. Sufuria ya vyuma chakavu visivyojulikana asili yake huweza kubeba risasi, na risasi katika uji wa mtoto haina msamaha. Na kipande ambacho hataza yake ingali hai kina mwenyewe. Baada ya kuyatoa hayo yote, kilichobaki kingali kingi kuliko mafundi tulio nao.

Mfano mmoja na elfu

Wakenya wanalikumbuka gari la Nyayo Pioneer. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, na mwaka 1990 magari machache ya mfano yalionyeshwa, yakaendeshwa, watu wakafurahi. Fedha za kuyaunda kwa wingi hazikupatikana, na karakana zake baadaye zikawa Numerical Machining Complex, zenye mashine za kuchonga vyuma kwa amri ya kompyuta. Baadhi ya watu hulicheka gari lile. Mimi sicheki, kwa sababu walioliunda walithibitisha kwamba mfano mmoja tunauweza. Kilichotushinda ni kutoka kwenye mmoja kwenda kwenye elfu, na njia hiyo imejaa kalibu, kila moja na gharama zake. Printa ya pande tatu, tukiishangilia peke yake, itaturudisha palepale, kwani ni mashine ya mfano mmoja.

Tanzania iliunda SIDO mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ikaunda TEMDO pale Arusha mwaka 1980 kwa ajili ya usanifu wa mitambo, na VETA mwaka 1994 kwa ajili ya mafunzo ya ufundi. Majumba yapo, na walimu wa uchongaji wapo. Samaki mkunje angali mbichi: kijana wa miaka kumi na minane anayejifunza uchomeleaji anaweza, kwa muda usiozidi muhula mmoja, kujifunza kupima kipande kwa kalipa, kukichora, kukipa mwinamo na nyongeza ya kunywea, kukichapa, kukimiminia silikoni, na kukizika katika mchanga. Mtihani wake usiwe karatasi. Aletewe kipande kilichovunjika kutoka kibandani, naye arudishe kalibu pamoja na vipande kumi vinavyoingia mahali pake, na mwenye chombo awe mmoja wa wasahihishaji.

Kwa wakuu wa vyuo vya ufundi, basi, ombi langu ni fupi. Kabla ya kuagiza printa nyingine, nunueni silikoni, plasta, mchanga mzuri na tanuri dogo la kuyeyushia alumini, mkamwite darasani mzee mmoja anayesubu masufuria mtaani kwenu, mkamlipe kama mwalimu.